Molekuli iliyojisaliti kwa mwanga wake: kisa cha Vienna na hatima ya supaposisheni

Tarehe 19 Februari 2004 jarida la Nature lilichapisha ripoti fupi kutoka Chuo Kikuu cha Vienna, Austria. Walioiandika walikuwa watano: Lucia Hackermüller, Klaus Hornberger, Björn Brezger, Anton Zeilinger na Markus Arndt. Walikuwa wamepitisha molekuli za kaboni ndani ya ombwe, wakazipasha moto zikiwa safarini, kisha wakaangalia kilichotokea mwisho wa njia. Molekuli zisizopashwa moto wa ziada zilichora milia iliyo wazi. Zilivyozidi kuwa moto, milia ikafifia kidogo kidogo, na hatimaye ikatoweka kabisa. Njiani hapakuwa na kamera wala mtu wa kuzitazama, na hewa ya kuzigonga ilikuwa imefyonzwa.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu kinajibu swali ambalo wasomaji wa Kiswahili hulikuta limejibiwa vibaya mara nyingi mno. Tunaambiwa kwamba chembe ikiwa katika hali mbili kwa pamoja, hubaki hivyo mpaka mtu aitazame, na kwamba ni ufahamu wa mwanadamu unaoifanya ichague. Juu ya kauli hiyo watu wamejenga mafundisho marefu: ukifikiri utajiri, ulimwengu utakupangia utajiri, na fizikia imethibitisha. Fizikia haijathibitisha kitu kama hicho. Anayetaka kujua supaposisheni, yaani hali hiyo ya kuwa mbili kwa pamoja, hufikia wapi na kwa nini haionekani kwenye meza, jiwe au paka, aanze na molekuli hizi za Vienna. Zinaeleza jambo hilo kwa vipimo, na katika maelezo yote hayo hakuna mahali ambapo mtazamaji anahitajika.

Molekuli yenyewe na njia yake

Molekuli iliyotumika inaitwa C70. Ni kizimba kitupu kilichofumwa kwa atomu 70 za kaboni, chenye upana wa takriban nanomita 1 (sehemu ya bilioni ya mita), na uzito wa 840 katika kipimo ambacho atomu ya haidrojeni ina uzito wa takriban 1. Ni ndugu wa C60, ambayo Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley waliigundua mwaka 1985 na kupewa Nobel ya kemia mwaka 1996. Vizimba hivi ni vigumu ajabu. Molekuli nyingi huvunjika zikipata moto wa nyuzi mia chache tu, lakini C70 hustahimili nyuzi elfu kadhaa kwa muda mfupi. Ugumu huo ndio uliowezesha jaribio zima.

Tangu Louis de Broglie alipotoa hoja yake mwaka 1924 tunajua kwamba kila kitu chenye uzito na mwendo kina urefu wake wa wimbi. Kwa C70 inayokwenda mita 190 kwa sekunde, hesabu inatoa urefu wa pikomita 2.5 hivi (pikomita ni sehemu ya elfu ya nanomita), yaani wimbi lililo fupi kuliko upana wa molekuli yenyewe kwa karibu mara 400. Kulifanya wimbi dogo namna hiyo lionekane ni kazi ya ustadi wa hali ya juu. Kundi la Vienna lilikuwa limeshaifanya kwa C60 mwaka 1999, kwa wavu wenye mianya iliyorudiana kila baada ya nanomita 100. Kwa jaribio la 2004 walitumia nyavu tatu za dhahabu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine kwa umbali wa sentimita 38, kila moja ikiwa na mianya inayorudiana kila baada ya karibu mikromita 1, yaani nanomita 1,000.

Unga wa C70 uliwekwa kwenye tanuri, ukageuka mvuke, na molekuli zikatoka zikikimbia ndani ya bomba lisilo na hewa. Wavu wa kwanza ulizichuja ili kila mwanya uwe chanzo chembamba cha wimbi. Katika wavu wa pili wimbi la kila molekuli lilipita kwenye mianya kadhaa kwa pamoja, likatawanyika, na matawi yake yakakutana tena mbele. Pale yalipokutana, vilele vilipoangukia vilele molekuli zilifika kwa wingi, na vilele vilipoangukia mabonde zilifika chache. Milia hiyo ina upana wa chini ya mikromita 1, kwa hiyo haipigwi picha. Wavu wa tatu ulisogezwa kando taratibu, na nyuma yake molekuli zilizopenya zikageuzwa kwa leza kuwa ioni, yaani zikapewa chaji ya umeme, na kuhesabiwa. Idadi ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa maana ndipo wengi wanapopotea. Molekuli hizi hazikuwa zikigombana zenyewe kwa zenyewe. Mkondo wao ulikuwa hafifu kiasi kwamba kila moja ilipita peke yake. Milia ilijengwa na molekuli moja moja, na kila moja ilifuata kanuni inayojua habari za mianya zaidi ya mmoja. Ukisema "ilipita mwanya huu au ule, ila sisi hatujui upi," hutapata milia. Utapata vivuli viwili vilivyojumlishwa. Hiyo ndiyo maana ya supaposisheni: hali ya molekuli ni jumla ya njia mbalimbali, na jumla hiyo ina matokeo yanayohesabika ambayo hayawezi kutokana na kutojua kwetu. Kati ya wavu wa kwanza na wa tatu, njia hizo huachana kwa karibu mikromita 1 zinapokuwa mbalimbali kabisa, yaani karibu na wavu wa pili. Kwa kitu chenye upana wa nanomita 1, huko ni kuachana kwa mara elfu moja ya upana wake.

Moto unawashwa

Kabla ya kufika wavu wa kwanza, molekuli zilikatishwa na miale ya leza ya kijani. Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, iliyomezwa iliongeza joto la ndani la molekuli kwa karibu nyuzi 140. Unaweza kulikokotoa mwenyewe: fotoni ya leza hiyo ina nishati ya elektronivolti 2.4 hivi (kipimo cha nishati za atomu), na C70 ina namna 204 za kutetema zinazogawana nishati hiyo. Joto lenyewe halisogezi molekuli popote. Linakaa ndani, katika mitetemo ya kizimba. Molekuli iliyomeza fotoni nyingi iliweza kufikia hadi karibu nyuzi 3,000 za kelvini.

Chuma kikitoka kwenye moto wa mhunzi hung'aa chekundu, na kikizidi moto hung'aa rangi ya chungwa hadi karibu nyeupe. Molekuli moja ya atomu 70 hufanya vivyo hivyo, na binafsi naona hilo ni la kustaajabisha kuliko hata milia. Ni ndogo kiasi cha kuonyesha wimbi lake, na papo hapo ni kubwa kiasi cha kuwa na joto, kung'aa, na kupoa kwa kutoa mwanga. Atomu moja haina joto la ndani namna hiyo. C70 inakaa mpakani.

Ukali wa milia hupimwa hivi: chukua idadi kubwa kabisa ya molekuli, toa idadi ndogo kabisa, gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Bila leza ya kupashia, ukali ulikuwa karibu nusu. Leza ilipowekwa wati 3 ukapungua kwa kiasi kinachoonekana. Kwenye wati 6 yalibaki mabaki tu. Ilipopita wati 10, mstari wa idadi ulikuwa bapa: molekuli zilifika, lakini hazikuchora chochote. Upungufu huo ulifuatana vizuri na hesabu za nadharia, ambayo ilianza na mwangaza wa molekuli yenye joto fulani na kuuliza kila fotoni inayotoka inabeba nini.

Ni hatua hizo za katikati zinazonivutia. Kama supaposisheni ingekuwa inakufa ghafla kwa kutazamwa, tungetarajia iwepo au isiwepo. Vienna waliona inapungua hatua kwa hatua, na walikuwa na kidhibiti mkononi cha kuipunguza watakavyo.

Fotoni inajua nini

Molekuli inapotoa fotoni katikati ya safari, fotoni ile inaondoka na alama ya mahali ilipotoka. Sasa hali haiwi tena "molekuli njia ya kushoto pamoja na molekuli njia ya kulia". Inakuwa "molekuli kushoto na fotoni iliyotoka kushoto, pamoja na molekuli kulia na fotoni iliyotoka kulia". Wanafizikia husema vitu hivyo viwili vimefungamana. Fotoni haihitaji kufika kwenye jicho la mtu. Inagonga ukuta wa bomba la chuma, inamezwa, na habari inaishia humo, imetawanyika katika mitetemo ya chuma ambayo hakuna atakayeisoma kamwe.

Je, milia itabaki? Jibu linategemea jambo moja tu: fotoni ya kushoto na fotoni ya kulia zinafanana kiasi gani? Zikifanana kabisa, fotoni haina habari yoyote ya njia, na milia inabaki kama ilivyokuwa. Zikitofautiana kabisa, milia inakufa. Zikifanana nusu, ukali unapungua kwa nusu. Fotoni zikiwa nyingi, kila moja huongeza upungufu wake juu ya upungufu wa iliyotangulia. Huku kufifia kwa milia kwa sababu ya kufungamana na mazingira ndiko kunakoitwa dikoherensi.

Kinachoamua kufanana huko ni urefu wa wimbi la fotoni. Mwanga hauwezi kutenganisha nukta mbili zilizo karibu kuliko urefu wa wimbi lake. Ndiyo sababu hadubini ya kawaida haioni virusi wengi. Njia za C70 ziliachana kwa karibu mikromita 1. Fotoni ya infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa jicho, yenye urefu wa mikromita 10 haiwezi kusema imetoka njia ipi. Fotoni ya mwanga unaoonekana, yenye urefu wa nusu mikromita, inaweza.

Hili linafumbua fumbo lililokuwamo ndani ya jaribio la 1999. Molekuli za C60 za wakati ule hazikuwa baridi hata kidogo. Zilitoka kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 900. Watafiti walikadiria kwamba katika safari ya milisekunde 6 hivi kila moja huenda ilitoa fotoni mbili au tatu za infraredi, zenye urefu wa kati ya mikromita 7 na 19. Molekuli ile ilikuwa ikiongea na mazingira yake muda wote, na bado milia ilionekana, kwa kuwa ilichosema hakikuhusu njia. Mwaka 2004 leza iliipandisha joto mpaka wimbi la mwanga wake likafupika na kukaribia umbali wa njia, na hapo ndipo mazungumzo yale yale yakaanza kufichua siri. Kwa hiyo kauli kwamba kila mguso na mazingira huua supaposisheni si sahihi. Kinachoiua ni mguso unaotofautisha sehemu zake.

Mtu makini atapinga: fotoni ikitoka huisukuma molekuli nyuma, na msukumo huo unatosha kuvuruga milia, kwa hiyo habari za nini? Pingamizi ni zuri na linastahili hesabu. Fotoni ya nusu mikromita ikitoka karibu na wavu wa pili, msukumo wake unaisogeza molekuli karibu mikromita 1.9 kufikia wavu wa tatu, yaani zaidi ya nafasi nzima ya mlia na jirani yake. Fotoni ya mikromita 10 inaisogeza sehemu moja ya kumi tu ya mikromita. Majibu yote mawili yanaelekea mahali pamoja, na si kwa bahati: urefu mfupi wa wimbi unamaanisha uwezo mkubwa wa kutofautisha na pia msukumo mkubwa. Katika kisa hiki msukumo na habari ni masimulizi mawili ya hesabu moja.

Lakini msukumo si lazima. Mwaka 1998 Stephan Dürr, Thomas Nonn na Gerhard Rempe, wakiwa Konstanz, Ujerumani, walitumia atomu za rubidi na kuandika habari ya njia katika hali ya ndani ya atomu kwa mikrowevu, bila msukumo wa kuweza kueleza matokeo. Milia ilitoweka vile vile. Mwenye kushikilia kwamba yote ni mtikisiko wa kawaida tu hana la kuwajibu hao.

Je, supaposisheni imekufa?

Swali hili lina jibu ambalo vitabu vingi vya wanafunzi hulipita mbio. Hali ya molekuli peke yake haina tena milia. Hali ya molekuli pamoja na fotoni zake bado ni supaposisheni kamili. Hakuna kilichofutwa. Kilichotokea ni kwamba mpangilio uliokuwa ndani ya kitu kimoja sasa umeenea katika vitu viwili, vitatu, kisha katika trilioni za atomu za ukuta, na anayepima molekuli peke yake hawezi kuuona.

Kuna ushahidi wa hili, nao ni wa zamani kidogo kuliko kisa cha Vienna. Mwaka 1995, katika chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, Michael Chapman, David Pritchard na wenzao walizimulika kwa leza atomu za sodiamu zilizokuwa katika njia mbili. Njia zilipoachana vya kutosha, mtawanyo wa fotoni moja uliua milia. Kisha wakabadili jambo moja: wakapanga kitambuzi ili kihesabu zaidi atomu ambazo fotoni zao zilitawanyika kuelekea pande fulani tu. Milia ikarudi. Atomu na leza havikubadilika. Walichofanya ni kuacha kuchanganya makundi ambayo kila moja lilikuwa na milia yake, ila milia ya kundi moja iliangukia nafasi za jingine. Kuchanganya kwetu ndiko kulikozaa ubapa.

Pale MIT iliwezekana kwa kuwa fotoni ilikuwa moja na mwelekeo wake uliacha alama kwenye mwendo wa atomu. Kwa C70 iliyotoa fotoni kadhaa kila upande, nani atazikusanya? Kanuni haikatazi. Hali halisi inakatisha tamaa kabisa. Ndiyo maana dikoherensi, ingawa si kifo kwa maana ya hesabu, kwa shughuli zote za kawaida haina kurudi.

Wazo hili lilichelewa kuheshimiwa. H. Dieter Zeh wa Heidelberg aliliandika mwaka 1970, akisema kosa letu ni kuvichukulia vitu vikubwa kana kwamba vimejitenga na ulimwengu. Kwa miaka mingi wenzake hawakumsikiliza. Wojciech Zurek aliliendeleza Marekani kuanzia 1981, akaonyesha kwamba mazingira hayavurugi ovyo ovyo: kuna hali yanazozivumilia na hali yanazozivunja, na kwa vitu vya kawaida hali zinazovumiliwa ni zile za kuwa mahali fulani. Hapo ndipo inapotoka sifa ya "kuwa mahali", sifa thabiti ya meza na mawe. Mwaka 1996 kundi la Serge Haroche mjini Paris (mzaliwa wa Casablanca, Morocco) lilikuwa la kwanza kuiona dikoherensi ikitokea hatua kwa hatua, katika fotoni chache zilizofungiwa kati ya vioo vya metali isiyo na ukinzani wa umeme. Vienna wakaileta kwenye kitu chenye uzito, chenye joto, kinachong'aa.

Kutoka C70 hadi chembe ya vumbi

Sasa turudi kwenye swali la meza na paka. Jaribio la 2004 lilihitaji leza ya wati kadhaa ili kuharibu supaposisheni ya mikromita 1 katika molekuli moja. Vitu vikubwa havihitaji msaada huo. Kila chenye joto hung'aa, hata kama ni kwa infraredi tusiyoiona. Wewe unayesoma unang'aa sasa hivi. Na juu ya mwangaza wake mwenyewe, kitu hupigwa na mwanga wa wengine na kugongwa na hewa.

Hewa peke yake ni hatari kubwa. Mwaka 2003 kundi hilohilo la Vienna liliachia gesi kidogo kidogo ndani ya bomba, na ukali wa milia ukashuka upesi kadiri shinikizo lilivyopanda, ingawa shinikizo hilo lilikuwa karibu sehemu moja ya bilioni ya hewa tunayovuta. Mgongano mmoja na molekuli ya gesi unatosha, kwa kuwa wimbi la molekuli ya gesi ni fupi kuliko umbali wa njia kwa maelfu ya mara.

Erich Joos na Zeh walianzisha mwaka 1985 hesabu zinazopanua jambo hili kwa vitu vya kila ukubwa. Chukua chembe ya vumbi yenye ukubwa wa mikromita 10, iwe katika supaposisheni ya mahali pawili vilivyoachana kwa ukubwa wake mwenyewe. Katika hewa ya kawaida, supaposisheni hiyo inafifia ndani ya muda wa sekunde ulioandikwa kwa nukta, sufuri 30, kisha 1. Iweke katika ombwe lenye giza, lakini kwenye joto la chumba: fotoni za joto la kuta zitaimaliza kwa takriban sekunde moja iliyogawanywa kwa milioni mara tatu mfululizo. Ipeleke basi katikati ya anga, mbali na kila nyota, ambako imebaki miale hafifu tu ya chanzo cha ulimwengu yenye joto la nyuzi 2.7 juu ya sufuri kamili. Hata huko itadumu sekunde moja hivi.

Kwa hiyo hatuoni jiwe likiwa hapa na pale, na sababu si kwamba kanuni za kwanta, hizi zinazotawala chembe ndogo, zinakoma kwenye ukubwa fulani. Jiwe linatangaza mahali lilipo kwa kila fotoni na kila molekuli ya hewa, bila kupumzika, na limekuwa likifanya hivyo kabla ya kuwapo jicho lolote duniani. Jambo hilo hilo ndilo linalowatesa wanaojenga kompyuta za kwanta: wanapoza saketi zao hadi karibu sehemu moja ya mia ya nyuzi moja juu ya sufuri kamili, wanazifunika dhidi ya kila mwale, na bado hali zao hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde, kiasi kwamba sehemu kubwa ya juhudi imehamia kwenye namna ya kusahihisha makosa kwa kuisambaza habari moja katika vipande vingi.

Kisichojibiwa na kisa hiki

Itakuwa si haki kusema dikoherensi imemaliza kila swali. Inaeleza kwa nini milia hupotea, kwa kasi gani, na kwa nini ni mahali na si kitu kingine kinachojitokeza. Haielezi kwa nini, katika molekuli hii mahususi, tunapata jibu moja. Hesabu yake inaishia kwenye uwezekano kadhaa usioingiliana tena, kila mmoja na uzito wake, na yote bado imo katika hali kubwa ya jumla. Atakayekwambia kwamba hapo tatizo la upimaji, yaani swali hilo la jibu moja, limekwisha, ameruka hatua.

Zeh mwenyewe alikubali matokeo ya hilo hadi mwisho: matawi yote yapo, nasi tumo katika mojawapo. Wengine hawakubali. Giancarlo Ghirardi, Alberto Rimini na Tullio Weber walipendekeza mwaka 1986 kwamba kanuni yenyewe ina nyongeza ndogo: kila chembe, kwa nadra sana, hujikusanya mahali pamoja bila kusababishwa na mazingira, na katika kitu chenye chembe nyingi nadra hizo hujumlika kuwa jambo la hakika. Mimi naona pendekezo hilo lina heshima ya pekee, kwa sababu linaweza kukosea. Linatabiri kwamba milia ya vitu vizito itafifia hata pale ambapo joto limeondolewa, hewa imefyonzwa, na kila mwale umezuiwa.

Na hapo kazi ya 2004 inapata thamani ambayo kichwa cha ripoti hakiionyeshi. Kama unatafuta kufifia kusikotokana na mazingira, kwanza ujue kwa usahihi mazingira yanafifisha kiasi gani, kwa joto gani na kwa shinikizo gani. Kundi la Arndt liliendelea na njia hiyo. Mwaka 2019, likishirikiana na wenzao wa Basel, Uswisi, lilitangaza milia ya molekuli zenye uzito wa zaidi ya 25,000 na hadi atomu 2,000, katika mtambo wenye urefu wa mita 2. Mawimbi yake yalikuwa mafupi zaidi ya yale ya C70 kwa makumi ya mara. Hakukuonekana kufifia kokote ambako mazingira hayakuweza kukueleza, na kwa matokeo hayo nafasi iliyobaki kwa nadharia za kujikusanya ikapungua.